Figo la Mtoto: Kungoja si Kutelekeza

Kiswahili kina methali mbili ambazo walimu hupenda kuwapa wanafunzi wao wazigonganishe katika midahalo. Ya kwanza yasema kuwa haraka haraka haina baraka. Ya pili yajibu kuwa ngoja ngoja huumiza matumbo. Darasani ubishi huo huishia kwa makofi na vicheko, kengele ikalia na kila mtu akaenda zake. Lakini wako wazazi wanaokutana na methali hizo mbili wakiwa na mtoto mchanga mikononi, na hukumu ikipotoka, mtoto ndiye alipaye. Hao ni wazazi wa watoto wanaozaliwa na mafigo yaliyojaa vifuko vya maji.

Swali linalowakabili ni fupi, ingawa jibu lake si jepesi. Je, figo bovu liondolewe kwa kisu upesi iwezekanavyo, au liachwe mahali pake na mtoto aangaliwe? Sisi twaamini kwamba swali hili haliwahusu madaktari peke yao. Lawahusu pia wanaopanga fedha za kaunti, lawahusu walimu, na lawahusu vijana ambao kesho watakuwa wazazi. Maana tofauti kati ya kungoja kunakoponya na kungoja kunakoua haimo katika kisu. Imo katika kama yuko mtu anayemkumbuka mtoto huyo.

Tuanze kwa kueleza jambo lenyewe. Mafigo ni viungo viwili vilivyo nyuma ya tumbo, kimoja kila upande wa uti wa mgongo. Kila figo lina vichujio vidogo mno vinavyokadiriwa kufika milioni moja. Kwa mtu mzima, mafigo mawili huchuja takriban lita 180 za maji kutoka katika damu kila siku, yakarudisha karibu yote mwilini na kutoa lita moja au mbili tu kama mkojo. Aidha, husawazisha chumvi, hudhibiti shinikizo la damu, na husaidia mwili kutengeneza damu na kuimarisha mifupa.

Figo huanza kujiunda mimba ikiwa na majuma matano hivi. Kijirija huchipuka kutoka chini, kikakutana na tishu iliyo juu yake, na viwili hivyo huelekezana namna ya kukua. Maelekezano hayo yakivurugika, badala ya vichujio hutokea vifuko vya maji vilivyorundikana kama kichala cha zabibu. Figo la namna hiyo halifanyi kazi yoyote. Ikiwa mafigo yote mawili yameharibika hivyo, mtoto hawezi kuishi, kwani mkojo wake ndio ufanyao sehemu kubwa ya maji yanayomzunguka tumboni, na maji hayo yakikosekana mapafu hayakui. Kwa bahati njema, mara nyingi huwa ni upande mmoja tu. Lile figo jingine hukua kupita kawaida na kubeba mzigo wa yote mawili.

Kwa hesabu zilizokusanywa katika nchi mbalimbali, figo la aina hii huonekana kwa mtoto mmoja katika kila 4,300 hivi wanaozaliwa. Kenya huzaliwa watoto zaidi ya milioni moja kila mwaka. Ikiwa hesabu hiyo yafuata hapa kwetu, basi kila mwaka tunapata watoto zaidi ya 230 wa namna hii, wa kutosha kujaza madarasa kadhaa ya shule ya msingi. Wengi wao hukua, wakacheza na kusoma, bila mtu yeyote kujua kuwa wanaishi kwa figo moja.

Yako pia maradhi mengine ya vifuko ambayo hurithiwa, na haifai kuyachanganya na hayo ya kwanza. Moja, lililo nadra sana, huwapata watoto kama mmoja katika kila 20,000. Hili hushika mafigo yote mawili pamoja na ini, na jeni yake kuu ilitambuliwa mwaka wa 2002. Jingine huwapata watu wengi zaidi, lakini kwa kawaida hujitokeza utu uzimani, ingawa vifuko vyake huweza kuonekana hata kwa mtoto. Kila moja lina njia yake na tiba yake. Mzazi aambiwaye tu kuwa mwanawe “ana maji kwenye figo” hajaambiwa kitu, na ana haki ya kuuliza ni ugonjwa gani hasa.

Historia ya kisu katika jambo hili yafaa kufundishwa. Mnamo Agosti 2, 1869, mjini Heidelberg, daktari Mjerumani Gustav Simon aliondoa figo la mgonjwa kwa makusudi, baada ya kujaribu upasuaji huo kwa mbwa, na mama yule akapona. Siku hiyo ilithibitika kwamba binadamu aweza kuishi kwa figo moja lililo zima. Tangu hapo wapasuaji walipata ujasiri, na kwa miaka mingi ya karne ya ishirini mtoto aliyegunduliwa kuwa na figo la vifuko upande mmoja alipelekwa kupasuliwa. Hoja zao hazikuwa za kipuuzi. Walihofu kwamba figo lile lingeweza kuleta saratani au shinikizo la juu la damu, na kwa kuwa halina kazi, waliona hapana hasara kuliondoa.

Kisha ikaja mashine ya kupiga picha kwa mawimbi ya sauti, ambayo wananchi wengi huiita altrasaundi. Kwa mara ya kwanza madaktari waliweza kumwangalia mtoto tangu tumboni na kuendelea kumwangalia baada ya kuzaliwa, pasipo kumkata. Walichokiona kiliwashangaza. Mafigo mengi ya namna hii yalinywea polepole, mengine yakatoweka kabisa katika picha. Mwaka wa 2005 zilichapishwa taarifa zilizojumlisha matokeo ya uchunguzi mwingi wa watoto walioachwa bila kupasuliwa. Katika watoto 1,041 waliofuatiliwa, hakuna hata mmoja aliyepatikana na saratani ya figo. Shinikizo la damu nalo lilionekana kwa watoto wapatao watano tu katika kila 1,000. Ndipo wapasuaji wengi wakaweka kisu chini.

Hata hivyo, hawakukitupa. Upo wakati ambapo kukataa upasuaji ni kosa. Figo likiwa kubwa mno hata likabana matumbo au mapafu ya mtoto, likiendelea kukua badala ya kunywea, au likionyesha donge lisilofanana na kifuko cha maji, mpasuaji hana budi kuitwa. Hali kadhalika shinikizo la damu likipanda na dawa zikashindwa, na ikadhihirika kuwa chanzo ni figo hilo na si lile jingine, basi litolewe. Zamani mtoto alipasuliwa jeraha refu ubavuni. Tangu mwaka wa 1990, daktari Ralph Clayman na wenzake wa St. Louis, Marekani, walipotoa figo kwa kupitia vitundu vidogo, upasuaji huo umezidi kuwa mwepesi kwa mgonjwa, palipo na vifaa na mikono iliyofunzwa. Lakini mtoto mchanga apewaye nusukaputi si mtu mzima aliyepunguzwa kimo. Yahitaji mtaalamu wa usingizi aliyezoea watoto, hewa ya oksijeni isiyokatika, damu ya akiba, na wauguzi watakaokesha naye.

Katika ule ugonjwa adimu unaoshika mafigo yote mawili, kisu kina kazi nyingine, na ni nzito zaidi. Mafigo huweza kuvimba hata yakamnyima mtoto nafasi ya kupumua na kula. Mpasuaji akiondoa moja au yote mawili, humpa mtoto nafasi ya kuvuta pumzi, lakini pia humfunga katika maisha ya kusafishwa damu, mara nyingi kwa kutumia utando wa tumbo lake mwenyewe, hadi atakapokuwa na uzito wa kupandikizwa figo, ambao kwa kawaida ni kilo kumi hivi. Upandikizaji wenyewe si ndoto. Daktari Joseph Murray aliufanikisha mjini Boston mnamo Desemba 1954, kati ya mapacha wawili waliofanana, na akatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1990. Hapa Kenya pia mafigo hupandikizwa. Lakini nani asiyeona umbali uliopo kati ya mtoto wa kilo tatu aliyelazwa katika hospitali ya mashambani na siku hiyo ya kilo kumi?

Sasa tufike penye kiini cha maoni yetu. Wako watu waungwana, wakiwemo wataalamu, wasemao hivi: kungoja ni anasa ya nchi tajiri. Huko mzazi huandikiwa barua, akapigiwa simu, na mtoto akarudi kliniki kila ipasavyo. Huku kwetu, mama atokaye Lodwar au Mandera akiambiwa arudi baada ya miezi sita, huenda asionekane tena. Nauli hana, faili imepotea, na daktari aliyemwona amehamishwa. Kwa hivyo, wasema, heri figo litolewe sasa, maadamu mtoto yuko mezani.

Hoja hiyo ina uzito, na tungekosea kuidharau. Lakini tukiitazama vizuri, yatuambia kwamba mtoto akatwe kwa sababu karatasi yake haiwezi kutunzwa. Zaidi ya hayo, yakosea hata kwa kipimo chake yenyewe. Mtoto aliyetolewa figo bovu hubaki na lile moja, na hilo ndilo lenye kuhitaji ulinzi. Katika watoto wa aina hii, kama mmoja katika kila watano huwa na mkojo unaorudi nyuma kutoka kibofuni kuelekea kwenye lile figo linalotegemewa. Mtoto kama huyo huweza kupata maambukizo yatakayoliharibu figo hilo polepole, pasipo kelele. Kisu kilichoondoa figo la kushoto hakikulilinda la kulia hata kidogo. Faili ikipotea kabla ya upasuaji ni hatari. Ikipotea baada ya upasuaji ni hatari ile ile, ila sasa mzazi hudhani kuwa kazi imekwisha.

Tena si kweli kwamba taifa letu halijui kumkumbuka mtoto. Kila mama aendaye kliniki hupewa Kijitabu cha Mama na Mtoto, na kijitabu hicho humwambia siku ya kurudi kwa chanjo. Mtoto huchanjwa surua akiwa na miezi tisa, akarudishwa tena akiwa na miezi kumi na minane, na kina mama hutembea mwendo mrefu kuitimiza tarehe hiyo. Mama huyo ndiye aambiwaye kuwa hawezi kurudi kwa ajili ya figo! Atarudi, ikiwa tarehe imeandikwa, ikiwa sababu ameelezwa kwa lugha aijuayo, na ikiwa afikapo hatakuta mlango umefungwa na mashine imeharibika.

Kwa hivyo twaitaka Wizara ya Afya na serikali za kaunti zifanye mambo ambayo hayahitaji miujiza. Kwanza, picha ya altrasaundi ipatikane kwa kila mja mzito. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka wa 2016 kwamba kila mja mzito apigwe picha angalau mara moja kabla ya majuma 24. Utafiti wa Idadi ya Watu na Afya wa mwaka wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 98 ya kina mama nchini walihudumiwa na mtaalamu wa afya kabla ya kujifungua. Mama, basi, amekwisha kufika mlangoni. Kilichobaki ni mashine, na mkono uliofunzwa kuisoma.

Pili, kila hospitali ya kaunti ndogo iwe na mkanda wa kupimia shinikizo la damu uliokatwa kwa kipimo cha mkono wa mtoto. Mkanda wa mtu mzima ukifungwa kwenye mkono mdogo hutoa hesabu ya uongo, na kwa hesabu hiyo maradhi hupita yakijificha. Tatu, kijitabu cha mtoto aliyegunduliwa kitiwe ukurasa wa figo: tarehe za picha, kipimo cha shinikizo la damu, na kipimo cha mkojo, ambacho ni kijiti cha karatasi tu. Nne, wapasuaji wa watoto na wataalamu wa nusukaputi wafunzwe kwa wingi, ili siku kisu kitakapohitajika, familia isilazimike kungoja foleni ya Nairobi au Eldoret mtoto akizidiwa.

Kuhusu gharama, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua mahali pa NHIF mwezi wa Oktoba 2024. Bima inayolipia mashine ya kusafisha damu figo likiisha kufa, lakini ikasita kulipia picha ya kuliangalia lingali hai, itakuwa kama mwenye nyumba aliyeacha kuziba ufa akaweka akiba ya kujenga ukuta. Katiba yetu ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 53, yampa kila mtoto haki ya huduma za afya. Haki hiyo haikuandikwa kwa ajili ya watoto wa mijini peke yao.

Liko jambo jingine ambalo serikali haiwezi kulitenda kwa niaba yetu. Mtoto azaliwapo na kasoro, katika nyumba nyingi mama ndiye atupiwaye lawama. Husemwa amerogwa, amelaaniwa, au alikula kisicholiwa. Figo la vifuko la upande mmoja, kwa kawaida, halitokani na kosa la mtu yeyote. Na katika ule ugonjwa adimu wa kurithi, mtoto hushikwa kwa kuwa amepokea jeni yenye hitilafu kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama, nao wazazi wenyewe ni wazima. Mwanafunzi aliyejifunza hesabu za Mendel aweza kuwaeleza wazee wake: kila mimba ina uwezekano wa mmoja katika nne. Wala si kweli kwamba akishazaliwa mgonjwa mmoja, watatu wafuatao watakuwa salama. Kila mimba huanza hesabu upya. Somo hilo moja la baiolojia likifika jikoni na barazani, huenda likaokoa ndoa.

Kwa walimu tuna ombi maalumu. Huenda katika darasa lako yumo mtoto mwenye figo moja, awe na kovu ubavuni au asiwe nalo. Mruhusu anywe maji, na aombapo kwenda msalani, mwache aende. Mkojo unaozuiliwa kwa saa nyingi hualika maambukizo. Usimtenge katika michezo kwa huruma, kwani wengi wao huweza kukimbia na kucheza kama wenzao. Daktari wake ndiye aseme ni mchezo gani uepukwe. Ukiona uso umevimba asubuhi, mkojo wa rangi ya damu, homa zinazorudiarudia au mtoto asiyekua kama wenziwe, mwite mzazi na umwambie waziwazi. Viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka wa 2001. Anayevitumia bado afikirie kiungo kilicho chini ya mbavu alizozilenga.

Nanyi wanafunzi, kama ni wewe mwenye figo hilo, huna sababu ya kuona haya. Lijue jina la ugonjwa wako, uzijue tarehe zako za kliniki, na usikubali kumeza dawa za maumivu kama ibuprofeni au diklofenaki, wala mitishamba usiyoijua, kabla ya kumwuliza daktari, kwa kuwa baadhi yake huliumiza figo. Kama ni mwenzako, usimcheke. Nanyi mnaotamani udaktari, nchi hii yawahitaji wapasuaji wa watoto, na yawahitaji vilevile watunzaji wa kumbukumbu, kazi ambayo hakuna aitamaniye lakini bila yake mpasuaji hufanya kazi gizani.

Turudi kwenye mdahalo wetu. Mwenye kusema haraka haraka haina baraka amesema kweli: mtoto asikatwe kwa sababu ya pupa au ya hofu iliyopitwa na wakati. Mwenye kusema ngoja ngoja huumiza matumbo naye amesema kweli: mtoto asiachwe kwa jina la subira huku hakuna amwangaliaye. Methali hizo hazigombani hata kidogo palipo na tarehe iliyoandikwa, mashine inayofanya kazi, na mtu wa kuuliza, “Yule mtoto wa juzi, mbona hajarudi?” Palipo na mtu wa kuuliza hivyo, mtoto yuko katika matibabu, hata kama hajaguswa na kisu. Asipokuwepo, mtoto ametelekezwa, na kaunti zetu zisikubali kuuita utelekezaji huo tiba.